Wanauliza bei, kisha wananyamaza

*Swali la msomaji:* "Ninauza vikwembe (vitenge) na viatu vya watoto kwa WhatsApp na Facebook, niko Ndosho, hapa Goma. Zamani mteja aliona picha asubuhi, jioni amekuja kuchukua. Siku hizi wanauliza 'bei gani?', nikijibu wananyamaza. Kikwembe cha yadi sita kinanifikia kwa dola 12. Nilikuwa nauza 18, nikashusha 15, sasa niko 14, na bado. Wengine wanataka kukopa. Nimeshauriwa nilipie matangazo ya Facebook. Je, nishushe bei tena? Nikopeshe? Nilipie hayo matangazo? Na viatu vya namba kubwa vilivyonikwama tangu mwaka jana nivifanyeje?"

Mama, jambo la kwanza ni kuacha kushusha bei, kuanzia leo. Chukua daftari tufanye hesabu pamoja. Ulipouza kwa 18 ulibaki na dola 6. Kwa 15 ulibaki na 3, kwa hiyo faida uliyoipata kwa vikwembe kumi sasa inataka vikwembe ishirini. Kwa 14 unabaki na 2, na hapo unatakiwa kuuza thelathini. Hatujatoa bado mega za intaneti wala pesa ya motari (mwendesha pikipiki) anayepeleka mzigo. Ukitoa dola moja tu kwa hayo mawili, unafanya kazi ya siku nzima kwa dola moja kwa kila kikwembe, na wateja hawakuongezeka. Hilo lenyewe ni jibu: ingekuwa bei ndiyo inayowafukuza, kushuka kutoka 18 mpaka 14 kungewarudisha wachache.

Watu wa Goma hawajaacha kuhitaji nguo. Njia ya pesa ndiyo iliyobadilika. Tangu mwisho wa Januari 2025 vita vilipoingia mjini, benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na watumishi waliokuwa wanalipwa kupitia benki wakaanza kuhangaika kuifikia mishahara yao. Miezi ile ile msaada wa Marekani ulikatwa, na mashirika mengi yakapunguza wafanyakazi. Wateja wako wazuri walikuwa walimu, manesi, wafanyakazi wa mashirika na wachuuzi wanaowauzia hao. Mtu aliyekuwa anapokea dola mia mbili kwa mara moja, leo anapata kumi Jumanne, tano Ijumaa, ishirini kutoka kwa ndugu aliye Kampala au Kinshasa, na nyingi kati ya hizo zinafika kwenye simu. Anapouliza bei akasikia 18, hana ubishi na hiyo 18. Leo hana zote, na anaona haya kukuambia. Kwa hiyo ananyamaza.

Kazi yako, basi, ni kumfungulia njia ya kulipa inayofanana na jinsi pesa inavyomfikia. Hapa ndipo ningetumia nguvu zangu zote miezi hii mitatu.

Anza na kuweka kidogo kidogo. Mteja anachagua kikwembe, analipa dola 6, wewe unakitoa kwenye picha za kuuza, unakiandika jina lake na kumtumia picha ya fungu lake likiwa na jina hilo. Analipa 6 nyingine, kisha 6 za mwisho, ndani ya siku 30, na siku ya mwisho anachukua mzigo. Tofauti na deni ni kubwa: kwenye deni mali iko kwake na hofu iko kwako, lakini hapa mali iko kwako mpaka senti ya mwisho. Masharti yaandike mwanzoni, kwa maneno mepesi, umtumie kabla hajalipa chochote: siku ni 30, akishindwa atarudishiwa pesa yake ukikata dola moja ya usumbufu, au atabadilisha achukue kitu cha bei ndogo. Na kikwembe cha mtu kisiguswe, hata akija mwingine na pesa taslimu mkononi. Ukimvunjia mmoja neno hilo mara moja tu, mtaa mzima utajua kabla ya jioni.

Halafu kuna likelemba, yaani upatu wa kuchangiana kwa zamu, ambayo wewe na wateja wako mnaifahamu tayari, ila wauzaji wa mitandaoni wachache wanaiunganisha na mali yao. Tafuta wanawake sita wanaojuana: wanakwaya, walimu wa shule moja, kikundi cha kuweka akiba. Kila mmoja anatoa dola 3 kwa wiki. Tatu mara sita ni 18, yaani kila wiki unapokea bei kamili ya kikwembe na mmoja wao anachukua chake. Baada ya wiki sita wote wamevaa, wewe umeuza sita kwa 18, umepata dola 36 za faida, na hujamkopesha mtu. Atakayechelewa kulipa atadaiwa na wenzake, na wenzake wanajua nyumba yake. Mwenye kuwakusanya mpe zawadi ya dola 3 au 4 mwishoni. Ni malipo halali ya kazi aliyokufanyia. Kikundi kiwe kilikuwepo kabla yako. Ukikusanya watu sita wasiojuana kutoka Facebook, wa tatu akishapokea chake wa kwanza ataacha kulipa, na utabaki unagombana na watu usiowajua nyumbani kwao.

Njia ya tatu ni kukata. Kikwembe cha yadi sita kinatoa vipande vitatu vya yadi mbili. Kila kipande kinakusimamia dola 4. Kiuze 7. Mteja aliyekuwa hana 18 anaweza kuwa na 7, akapata cha kujifunga au cha kumshonea binti yake gauni, na wewe ukimaliza vyote vitatu umepata 21. Ila usikate kabla ya vipande viwili kupata wenyewe: viwili vinakupa 14, mtaji wako wa 12 umerudi, na hicho cha tatu hata kikikaa mwezi hakikuumizi. Maua makubwa ya katikati hayakatiki vizuri, hivyo kwa kazi hii chagua yenye maua madogo yanayojirudia.

Kuhusu kukopesha: usimpe mteja mpya, kabisa. Kwa wa zamani aliyewahi kulipa kwa wakati, unaweza, ila weka kikomo cha jumla. Madeni yote ya nje kwa pamoja yasizidi faida yako ya wiki moja. Ukifikia hapo, hata dada yako wa tumbo moja aambiwe asubiri. Nimeona wafanyabiashara wengi wa mji huu wakifunga huku daftari limejaa majina ya wadeni wao; mtaji wao uliishia kwenye nyumba za majirani.

Sasa turudi kwenye ule ukimya baada ya "bei gani?". Sehemu yake unaisababisha wewe mwenyewe kwa namna unavyotangaza. Nenda kwenye picha zako za wiki hii uangalie: ngapi zina bei? Kama ulikuwa unaandika "njoo inbox", umemwambia mtu mwenye mega kidogo atumie mega zake kukuuliza, asubiri ujibu, na huenda wakati huo umeme umekatika na simu yako imezima. Andika bei juu ya picha. Na akiuliza, jibu liwe moja lililokamilika, usimlazimishe kukuvuta maneno. Kwa mfano: "Dola 18 yadi sita, au dola 7 yadi mbili. Vimebaki viwili vya rangi hii. Unaweza kuweka kidogo kidogo: 6, 6, 6 ndani ya mwezi. Unalipa kwa M-Pesa, Airtel Money, Orange Money au mkononi. Ijumaa tunapeleka Ndosho na Keshero. Nikuwekee kimoja?" Hilo swali la mwisho ni muhimu, kwa sababu linahitaji ndiyo au hapana.

WhatsApp Business haina malipo, na ina sehemu ya kuhifadhi majibu ya namna hiyo ili usiandike kila mara, pamoja na katalogi ya kuweka mali yako na bei zake. Ihamie wiki hii kwa namba ile ile unayotumia. Ujue pia jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui: kwa kawaida mtu haoni status yako kama yeye hakuhifadhi namba yako au wewe hukuhifadhi yake. Na orodha ya kutumia ujumbe mmoja kwa watu wengi, ambayo inabeba mpaka watu 256, haimfikii asiyekuhifadhi. Unaweza kuwa unatangazia watu arobaini ukidhani ni mia tatu. Kila anayenunua, kabla hajaondoka, mwombe ahifadhi namba yako mbele yako, nawe uhifadhi yake kwa jina na mtaa.

Picha zipige mchana karibu na mlango, si usiku chini ya taa. Ukuta wa mawe meusi ya volkano, ambao wengi wetu tunao uani, unameza rangi za kikwembe. Tandika shuka jeupe. Piga moja ya kitambaa kizima, moja ya karibu, na moja kikiwa mwilini mwa mtu. Picha tatu zinatosha. Video ndefu zinamaliza mega za mteja, naye ataacha kukufungua.

Na useme ukweli kuhusu mali. Kama ni wax (kitambaa cha kikwembe) ya kuiga, andika ni ya kuiga. Kama rangi itatoka kidogo mara ya kwanza ya kufua, sema. Mwenye dola 18 peke yake mfukoni anaogopa kudanganywa kuliko anavyoogopa bei.

Pesa ya simu inahitaji maneno kidogo zaidi, kwa sababu mjini kwetu imegeuka kuwa pesa yenyewe. Mteja mwenye salio kwenye simu hataki kulitoa, maana wakala atakata, na noti zikiadimika makato yanapanda. Kuna wanaovuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, kutafuta noti. Muuzaji anayepokea salio hilo bila kuongeza bei anapata mteja ambaye mwenzake anayetaka "mkononi tu" amempoteza. Lakini hesabu yako itaharibika kama kila jioni wewe ndiye unayekimbilia kwa wakala. Panga salio liishie humo humo kwenye simu: mtafute muuzaji wa jumla Birere au mjini anayekubali kulipwa kwa simu, mlipe motari kwa simu, nunua mega na umeme kwa simu. Kinachobaki cha kutolewa kiwe kidogo. Tenganisha pia akaunti ya dola na ya faranga, kwa kuwa huduma hizi zina zote mbili, na usibadilishe kutoka moja kwenda nyingine bila sababu.

Kabla ya kutoa mzigo angalia salio lako mwenyewe. Ujumbe ulioletwa na mteja kwenye simu yake, au ulioingia kwako kutoka namba ya kawaida, si malipo. Hata mtu anaonekana mwema namna gani, fungua menyu uangalie.

Kwa upande wa noti, tangaza mapema kwamba dola iliyochanika au yenye doa huipokei. Wewe mwenyewe hautaipitisha popote, na kugombana mlangoni mzigo ukiwa umeshafika ni hasara ya motari. Faranga nazo zinahitaji macho. Unakumbuka mwaka 2025 kiwango rasmi kilikuwa karibu na faranga 2,900 kwa dola moja, kisha ndani ya wiki chache za Septemba na Oktoba kikashuka chini ya 2,500. Aliyekuwa ameweka mtaji wake kwa dola na kuuza kwa faranga, au kinyume chake, alihisi mtikisiko huo hata kama hakuuelewa. Wewe unanunua mali kwa dola, basi bei yako iwe ya dola, na faranga ziandikwe pembeni kwa kiwango cha siku hiyo: "kiwango cha leo, hadi saa kumi na mbili jioni".

Usafirishaji: panga siku. Ukipeleka mzigo mmoja Himbi Jumatatu, mwingine Himbi Jumatano, umelipa motari mara mbili kwa barabara moja. Jumanne iwe ya Himbi, Katindo na mjini. Ijumaa iwe ya Ndosho, Keshero na Mugunga. Mizigo itoke asubuhi, ili motari awe amerudi kabla giza halijaingia. Asiyetaka kulipia motari apate mahali pa kuchukulia, kwa mfano saluni ya mtu unayemwamini karibu na mjini. Umlipe mwenye saluni kidogo kwa kila fungu.

Matangazo ya Facebook yaache kwanza. Yanataka kadi inayofanya kazi na dola za kuanzia, na yatakuletea watu mia wa kuuliza "bei gani?" wakati bado unawapoteza hao kumi ulio nao. Pesa hiyo hiyo mpelekee fundi wa cherehani. Hebu fikiri: nani anakutana na mwanamke aliyekwisha amua kushona? Fundi. Wapatie mafundi watatu wa mtaani vipande vidogo vya sampuli na namba yako, na kila mteja atakayemleta akalipa, fundi apate dola moja. Unatoa dola hiyo baada ya kuuza, wala si kabla. Fundi naye anafurahi, maana asiye na kitambaa hana cha kushona.

Na wateja wako wa zamani? Hawa ndio mali uliyoisahau. Fungua ujumbe wako wa miaka miwili iliyopita, andika kwenye daftari jina, mtaa, alichonunua, namba ya kiatu cha mtoto na umri wake. Mguu wa mtoto mdogo unakua haraka. Aliyenunua namba 24 mwezi wa tisa, mwezi wa kwanza huenda kinambana. Mwandikie yeye peke yake: "Mama, yule mdogo bado anavaa 24? Nimepata 25 za shule, nyeusi." Ujumbe mmoja wa namna hiyo unauza kuliko status kumi, kwa sababu umemkumbuka mtoto wake.

Kalenda nayo unaijua, basi nunua kwa kuitangulia. Machi 8 wanawake wa Congo wanavaa vikwembe, na vikundi vinataka rangi moja: likelemba ya sherehe hiyo ianze katikati ya Januari, wiki sita zitimie kabla ya siku yenyewe. Shule zinafunguliwa Septemba: Julai na Agosti pesa yako iwe kwenye viatu vyeusi na kitambaa cheupe na cha buluu cha sare, kwani mzazi huacha kununua vingine vyote kabla ya hivyo. Desemba ni Noeli na Bonana (Mwaka Mpya), watoto hutaka nguo mpya hata mwaka ukiwa mgumu. Katikati ya misimu hiyo punguza wax za bei kubwa. Leta chache, kwa oda.

Ili ujue kama haya yanafanya kazi, hesabu kitu kimoja kila Jumamosi: kati ya waliouliza bei wiki hii, wangapi walilipa chochote, hata dola 6 za kwanza? Kama walikuwa mmoja kati ya kumi na sasa ni watatu, uko njiani. Pesa ya nyumba itoke kwenye faida, na ujiandikie kiasi maalumu kwa wiki. Najua kuna wiki unga ukiisha unachukua popote palipo na pesa. Ukichukua kwenye mtaji, andika kama deni lako mwenyewe, ulirudishe.

Bei utairudishaje kutoka 14 hadi 18? Usipandishe mali ile ile kwa watu wale wale. Maliza zilizobaki kwa 14, ukisema wazi ni za mwisho kwa bei hiyo, kisha mali mpya, yenye picha mpya na njia mpya za kulipa, iingie kwa 18.

Viatu vilivyokwama, viuze kwa bei uliyonunulia, hata chini yake kidogo, ndani ya wiki mbili. Mwaka mzima vimeshika pesa ambayo ingezunguka mara nyingi. Usivitangaze kimoja kimoja. Piga picha moja ya vyote kwa pamoja, namba zikionekana, uipeleke kwa wachuuzi wanaotandika chini soko la Virunga na Alanine, na kwa walimu wa sekondari, kwa sababu namba kubwa za watoto ndizo namba za wasichana wa darasa la juu. Anayechukua jozi tano mpunguzie. Pesa itakayorudi ndiyo itakayonunua vikwembe vya maua madogo vya kukata.